Mnara, Mfalme na Gari la Parokia

Dominika ya Ishirini na Tatu ya Mwaka C



Injili ya Dominika ya leo, kutoka sura ya kumi na nne ya Mtakatifu Luka, ni Injili ngumu, na mahubiri mengi huishia katika maneno yake ya mwanzo, pale Bwana anaponena juu ya baba na mama, mke na watoto, na juu ya kuubeba msalaba. Leo tunaomba ruhusa yenu tuyapite maneno hayo bila kukaa. Hatuyadharau, ila katikati ya Injili hiyo hiyo kuna mifano miwili mifupi, ambayo husomwa haraka haraka kana kwamba imewekwa pale kupumzisha masikio. Wa kwanza ni wa mtu anayetaka kujenga mnara. Wa pili ni wa mfalme anayekwenda vitani na jeshi dogo. Yote miwili ina mtu anayeketi chini na kufanya hesabu. Nasi tunayo hesabu moja ya kuwasimulia, ambayo hatukuifanya kwa wakati wake.

Ninyi mnaotusikiliza mkiwa Tunduma, Mlowo, Vwawa, Itumba au Kamsamba mnaifahamu barabara yetu. Magari yaliyoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi mpakani, yakienda Zambia na Kongo. Mengine yamebebwa juu ya malori, na mengine, haya tunayoyaita magari ya IT, yanaendeshwa na vijana wanaofanya safari moja tu na gari hilo, wakabidhi funguo, warudi kwa basi. Mtoto wa darasa la tatu pale Tunduma hukutajia aina ya gari kabla halijamfikia. Anajua ni la mwaka gani, na mara nyingi anajua na bei. Tumelelewa kando ya dirisha la duka ambalo halifungwi usiku wala mchana.

Tamaa hii si ya leo. Wazee wetu watakumbuka kwamba mara baada ya Uhuru watu wa Afrika Mashariki walitunga jina la kabila jipya, Wabenzi, yaani wale waliotambulikana kwa Mercedes-Benz zao na siyo kwa lugha ya mama zao. Watakumbuka pia miaka ya shida ya mafuta, wakati gari binafsi halikuruhusiwa kutembea siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Waliokuwa na magari walirudi kutoka kanisani wakitazama saa, na waliokuwa na baiskeli walirudi wakiimba.

Wala hatusemi kwamba kukopa ni dhambi. Reli ya TAZARA inayopita pale Tunduma, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na wengi wetu tumesafiria mkopo huo. Lipo deni linalomfikisha mtu mahali, na lipo deni linalomweka mtu mahali pamoja akilitazama. Letu lilikuwa la aina hiyo ya pili.

Mwezi wa Januari 2016 Mkoa wa Songwe ulianzishwa, ukikatwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na Vwawa ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, na magari ya ofisi yakaja nazo. Wakati huo parokia yetu, ambayo hatutaitaja, ilikuwa na pikapu kuukuu iliyokuwa imemaliza kazi yake. Vigango vyetu vilikuwa kumi na vinne, vingine vikiwa juu kwenye kahawa na vingine chini katika bonde la Momba, ambako mvua ikinyesha udongo hushika gurudumu kama mtu anayedai chake. Kwamba tulihitaji chombo cha usafiri, hilo lilikuwa kweli. Halmashauri ya Walei ilikaa, kamati ya fedha ikakaa, na sababu zilizotolewa zilikuwa za haki zote: wagonjwa, Misa za vigango, makatekista, kwaya.

Lakini kwa sababu hizo hizo pikapu nyingine ya mtumba ingalitosha. Hakuna aliyetamka sababu iliyobaki, na wote tulikuwa nayo. Tulikuwa tumechoka kuegesha kibovu chetu kando ya magari ya mkoa siku za sherehe. Tulitaka gari ambalo mtu akiliona likipita angesema, parokia ile imeendelea. Kibali cha jimbo tulikiomba kama utaratibu unavyotaka, na katika barua tulieleza mapato yetu vizuri kuliko yalivyokuwa. Hatukuandika uongo. Tuliandika mwaka mzuri kana kwamba ndiyo miaka yote.

Basi sikilizeni hesabu yenyewe, na enyi makatekista, mkiweza ichukueni penseli, kwa maana kuna mtu katika jumuiya zenu ambaye wiki hii ataitwa kutia sahihi karatasi ya namna hii. Gari lilikuwa Land Cruiser, kwa shilingi milioni 80. Michango ya waamini ilifika milioni 20. Milioni 60 tulizikopa katika taasisi moja ya fedha kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, kwa miezi 48. Marejesho yalikuwa shilingi 1,762,500 kila mwezi. Kuizidisha mara 48 hakuhitaji shule kubwa: ni shilingi 84,600,000. Yaani juu ya zile milioni 60 tungalitoa nyingine milioni 24 na laki sita.

Hapo tulikuwa na bahati, kwa kuwa wapo wakopeshaji wanaotaja asilimia hiyo hiyo 18 lakini wakaihesabu kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, kana kwamba hujalipa hata senti. Kwa hesabu hiyo riba peke yake ingalikuwa shilingi 43,200,000. Maneno ni yale yale na asilimia ni ile ile, na tofauti inakaribia milioni 19. Mtu aulize neno hilo moja kabla ya kushika kalamu: riba hii inahesabiwa juu ya salio, au juu ya mkopo wote? Tena mkopeshaji alitaka gari liwe na bima kubwa, iliyozidi milioni mbili na nusu kwa mwaka, na kadi ya gari ikabaki kabatini kwake. Mambo haya yote yaliandikwa. Tuliyasoma siku tulipoyahitaji.

Gari lilifika Januari 2017, na lilibarikiwa. Watoto walilizunguka. Tungesema uongo tukisema hatukufurahi.

Mwezi wa sita mwaka huo Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Hatulisemi hili kwa kulaumu. Serikali ilikuwa na sababu zake juu ya chakula cha taifa. Tunalisema kwa sababu waamini wetu wengi hula kwa mahindi na kusomesha kwa mahindi, na soko lao la karibu liko ng'ambo ya mpaka. Bei ikaanguka. Magunia yakabaki ndani, na zaka ya mwaka huo ikaja kwa madebe ambayo hata sisi hatukupata wa kumwuzia kwa bei ya maana. Ndipo tulipoona kosa lililokuwa ndani ya hesabu yetu tangu siku ya kwanza, hata kama mahindi yangalibaki na bei. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hupata fedha kwa msimu. Mkulima wa mahindi kadhalika. Marejesho hayajui msimu. Huja kila mwezi, Kwaresima na Pasaka, kiangazi na masika. Tulikuwa tumefunga ng'ombe wawili wasiolingana katika jembe moja.

Je, tulipunguza nini? Ndugu zangu, tunawaomba mtusikilize kwa uvumilivu hapa. Hatukupunguza gari. Tulipunguza kwanza posho ya makatekista, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo. Tuliwaambia wavumilie mwezi mmoja. Kisha tukaahirisha semina yao ya mwaka. Kisha mabati ya kigango kimoja ambacho kuta zake zilikuwa zimekwisha simama yakangoja, na kuta zikanyeshewa. Mwisho tukapunguza dizeli, na gari likaanza kukaa chini ya mwembe likiwa limefunikwa turubai, safi, likiwa na bima kubwa, na limelipiwa kila mwezi.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili 2018 tulipigiwa simu kutoka kigango kimoja cha bondeni. Mzee mmoja, muumini wa miaka mingi, alikuwa ameshikwa sana na alikuwa anaomba Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Jumanne ya wiki ile tulikuwa tumelipa marejesho. Katika kasha la parokia zilikuwamo shilingi 11,000. Kituo cha mafuta kilikuwa kinatudai, na kijana aliyetumwa kuomba lita ishirini za mkopo alirudi na dumu tupu. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya bonde lile, na kwa ajili ya mvua ile, na kwa ajili ya simu ile, lilikuwapo mlangoni. Tulisema: kesho asubuhi.

Katekista wa kigango kile hakuwa amepata posho kwa miezi mitano. Alikwenda kwa miguu usiku, akakaa kando ya kitanda, akamwongoza mzee katika sala ya kutubu, akasali rozari pamoja na familia mpaka mzee alipolala usingizi wa mauti kabla ya alfajiri. Sisi tulifika Ijumaa saa nne, kwa dizeli tuliyokopeshwa na muumini mmoja mfanyabiashara. Watu waliokuwa wamekaa msibani walisimama na kulipisha gari. Mjane alitoka, akatupokea kwa heshima zote kama ilivyo desturi ya watu wa kule, akasema: "Karibuni, Baba. Na gari mmekuja nalo."

Mpaka leo hatujui alikuwa na maana gani. Huenda alitushukuru. Hatujawahi kumwuliza.

Tunajua Kanisa linavyofundisha, kwamba huruma ya Mungu haikufungwa ndani ya sakramenti, na kwamba mzee yule aliyetubu na kutamani mpako hakupungukiwa kitu mbele ya Baba. Mafundisho hayo tuliyatoa pale kaburini, na ni ya kweli, na yaliwafariji wale waliostahili kufarijiwa. Sisi tulirudi kimya, tukiwa tumekaa katika viti vya ngozi.

Mtadhani kwamba wiki ile ile tuliliuza gari. La. Tulikaa nalo miezi mingine sita. Hapa ndipo Injili ya leo inapotugusa, kwa sababu tukiusoma vizuri mfano wa mnara, adhabu ya yule mjenzi si kukosa mnara. Adhabu yake ni kicheko. Bwana wetu, aliyekulia mjini Nazareti katikati ya majirani, alijua jambo hilo: mtu aliyeweka msingi akashindwa kumaliza, wapitao huanza kumdhihaki. Hicho ndicho tulichokiogopa. Tuliogopa kituo cha mafuta, ambako wangesema tumenyang'anywa. Tuliogopa parokia ya jirani. Tuliogopa, Mungu atusamehe, hata madhehebu mengine. Tulikuwa tayari kuendelea kutomlipa katekista kwa siri kuliko kuuza gari hadharani.

Aliyetuinua kutoka hapo ni mama mmoja mtunza hazina wa WAWATA, mtu asiyependa kusema mikutanoni. Siku ya kikao cha mwezi wa nane alisimama, akafunga vizuri kitenge chake, akasema: "Baba Paroko, na ninyi wazee, naomba kuuliza, msinielewe vibaya. Hili gari ni letu, au sisi ndio wa gari?" Akaketi. Hakuna aliyemjibu. Baada ya kitambo mwenyekiti alisema tuendelee na ajenda inayofuata, na ajenda iliyofuata ilikuwa posho ya makatekista.

Usiku ule tulirudia sura hii ya Luka, na kwa mara ya kwanza tukaona kwa nini Bwana hakutosheka na mfano mmoja. Mfano wa mnara ni kwa mtu ambaye hajaanza. Kwake kuketi na kuhesabu ni kinga. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha anza, msingi ulikuwa umekwisha wekwa, kicheko kilikuwa kinatungoja njiani. Je, Bwana hana neno kwa mtu wa namna hiyo? Analo. Ndiyo maana akatoa mfano wa mfalme. Mfalme yule yuko njiani tayari, jeshi lake ni elfu kumi, na mbele yake zinakuja elfu ishirini. Naye pia anaketi, katikati ya safari, anahesabu upya, na akiona hawezi, anatuma wajumbe kuomba masharti ya amani. Tena angalieni Luka anavyosema: anawatuma wakati yule mwingine bado yuko mbali. Hasubiri vumbi la farasi.

Asubuhi tulituma wajumbe. Tulikuwa tumelipa marejesho kumi na tisa, na la ishirini tulijua hatutaliweza, lakini siku yake ilikuwa bado. Tulikwenda kwa mkopeshaji wetu tukiwa bado watu wenye sifa njema katika daftari lake, tukasema wazi. Walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Salio lilikuwa milioni 41 na laki mbili. Wakaturuhusu tumtafute mnunuzi wenyewe, na hilo ni jambo kubwa, kwa maana gari likikamatwa na kunadiwa, dalali hamtazami mtu usoni. Lilinunuliwa kwa milioni 52. Tukalipa salio, tukalipa ada ya kufunga mkopo kabla ya wakati, na mkononi zikabaki shilingi milioni 10.

Tuifanye hesabu hadi mwisho, maana tulijificha kwa muda mrefu. Waamini walikuwa wametoa milioni 20 za mwanzo, na marejesho kumi na tisa yalikuwa yamefikia milioni 33 na nusu. Jumla milioni 53 na nusu. Tulibaki na 10. Milioni 43 na nusu zilikwenda kwa miezi kumi na tisa ya kuwa na gari, na ndani yake hatujahesabu bima wala matairi.

Katika zile milioni 10 tulilipa kwanza malimbikizo ya makatekista, kisha kituo cha mafuta. Tukanunua pikipiki mbili. Kilichosalia kikawa mabati ya kigango kilichokuwa kikinyeshewa, ingawa hayakutosha upande mmoja wa sakristia.

Na kicheko? Kilikuja, ndugu zangu. Pale stendi walituita Padre Bodaboda, na jina hilo lilidumu kama wiki mbili hivi, mpaka lori moja lilipokwama mlimani na watu wakapata habari nyingine. Wiki mbili! Kwa kuogopa wiki mbili tulilipa miezi sita.

Hatutaki kuwadanganya kwamba pikipiki ni mbingu. Tumeanguka matopeni mara mbili, na mara moja ilitugharimu mkono kufungwa plasta. Kipindi cha masika tunapanda Noah hadi barabara inapoishia, na kutoka hapo ni miguu. Noeli ya mwaka ule kwaya ilikodi gari kwa fedha yake yenyewe. Tena lile gari lilikuwa limewahi kuwakimbiza hospitali akina mama watatu wenye uchungu wa kuzaa, na mpaka leo tukiamshwa usiku kwa jambo la namna hiyo tunalikumbuka, na tunapiga simu huku na huku kuomba msaada. Hilo ni pungufu la kweli. Lakini vigango vya bonde, vilivyokuwa vinamwona padre mara moja kwa mwezi au pungufu, sasa vinamwona kila baada ya wiki mbili, kwa sababu lita tano za petroli hupatikana katika sadaka ya Dominika moja.

Wapo waliotutangulia katika kushuka hivi. Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alikwenda Bombay, India, kwa Kongamano la Ekaristi, akapewa gari la fahari la kutembelea, Lincoln la rangi nyeupe. Alipoondoka alimwachia Mama Teresa. Mama Teresa hakulipanda. Aliliendeshea bahati nasibu, na fedha zikasaidia kujenga makao ya wenye ukoma. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, aliyetutoka tarehe 21 Aprili 2025, aliwaambia wanaseminari na wanovisi mwezi wa saba 2013 kwamba humwuma kumwona padre au mtawa katika gari la toleo jipya kabisa. Na miezi miwili baadaye alipokea kutoka kwa padre mmoja mzee wa Italia gari la Renault 4 la mwaka 1984, lililokuwa limekwisha tembea kilomita 300,000. Tuliisoma habari hiyo mwaka ule ule ilipotoka. Tukaisifu. Miaka mitatu baadaye tukaketi kuchagua rangi ya Land Cruiser.

Sasa tunapenda kusema na ninyi mlio njiani na mfalme. Yuko mwalimu anayetusikiliza, ambaye mshahara wake umekatwa hadi mwisho wa kiwango. Kwa utaratibu wa utumishi wa umma yampasa mtumishi abaki na angalau theluthi moja, lakini theluthi hiyo nayo ameiahidi mahali pengine, kwa wale tunaowaita kausha damu. Yuko mfanyabiashara wa mpakani aliyeacha kadi ya gari kwa mtu ambaye hata ofisi hana. Tangu mwaka 2018 iko Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na mkopeshaji anapaswa kuwa na leseni, mwulizeni aionyeshe. Asiye nayo hawezi kuwa mfalme wa kufanya naye mapatano. Lakini mwenye leseni, mwendeeni mapema. Mwendeeni wiki hii, kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, mkiwa na daftari mkononi, mkaseme: hatutaweza. Na kama chombo chaweza kuuzwa, kiuzeni wenyewe kingali na bei. Mama na baba wazungumze kwanza. Tumekutana na zaidi ya nyumba moja ambamo mke aliujua mkopo siku ya dalali.

Na ninyi mnaoombwa kuwa wadhamini, soma la pili la leo ni barua ya Paulo kwa Filemoni. Aya inayofuata, mara tu baada ya somo letu kuishia, Paulo anakubali kwamba kama Onesimo ana deni lolote, lihesabiwe juu yake yeye, na anasema ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Paulo alikuwa kifungoni na alijua anachotia sahihi. Wadhamini wengi wa kwetu hutia sahihi wakiwa wamesimama, kwa aibu ya kumkatalia rafiki.

Limebaki neno moja kwa jumuiya ndogo ndogo. Katika mfano wa mnara Bwana hatuambii majina ya wale wanaocheka. Anasema tu kwamba wote waonao huanza kudhihaki. Ndugu wapendwa, hao ni sisi. Jirani akitoka katika gari na kurudi katika baiskeli, ni sisi tunaosimama mlangoni na kuulizana limekwenda wapi. Yule mwalimu anaendelea kulipa kwa sababu anasikia sauti zetu kabla hatujasema. Tunawaomba makatekista waliweke jambo hili katika sala za jumuiya wiki hii, bila kutaja mtu, na kama yupo atakayejitokeza mwenyewe na kusema ameuza, mpokeeni kama mtu aliyepona, mmpe kiti.

Kila mwaka, mwezi wa pili, tunakwenda bondeni kusali Misa ya kumwombea mzee yule. Mjane yu hai, macho yamepungua, lakini mlio wa pikipiki anautambua tangu ng'ambo ya mto. Safari iliyopita alitupa chai, akauliza kama matairi ni mapya maana njia imeharibika, kisha akamwambia mjukuu wake alete debe la mahindi. "Hili si la kwenu, Baba," akasema. "Ni la katekista." Tulilifunga kwa mpira nyuma ya kiti, tukaenda nalo polepole.

Tumsifu Yesu Kristo.